Ughaibuni Wangu, Muleba

Jumapili, 1 Julai 1990

Tak.

Sauti hiyo haijanitoka kichwani. Ni sauti ya pini yenye kichwa chekundu ikichomwa kwenye ramani ya ukutani, chuoni Dar es Salaam. Aliyeichoma ni Daktari Inge, mama wa Kidenmaki, mwenye mpango wetu wa masomo ya likizo ughaibuni. Nilikuwa mstari wa mbele. Nimevaa soksi juu ya soksi ili nianze kuizoea baridi. Nikainua macho kutazama pini imesimama wapi. Si Kopenhageni. Muleba!

Muleba, mkoa wa Kagera! Mtu akitoka Muleba asubuhi anawahi chakula cha mchana jikoni kwa mama yangu, Kahororo, Bukoba.

Daktari Inge alieleza kwa upole kwamba fedha zilizotarajiwa hazikuja. Ni mwanafunzi mmoja tu atakayepanda ndege, mwezi wa Januari. Kwanza wote tutapelekwa "ughaibuni wa ndani", kila mmoja mkoa asioujua, akaishi na watu ambao lugha yao hajawahi kuisikia, aanzie sifuri. Atakayejifunza vizuri kuliko wote ndiye atakwenda Denmaki. Na mimi katika usaili nilisema nini? Nilisema nimezaliwa Upanga, nimekulia Upanga, na mgomba nimeuona kwenye kitabu cha jiografia.

Kwa nini nilisema hivyo? Naandika kwa sababu hapa hakuna atakayesoma. Mwaka wangu wa kwanza, mwenzangu wa chumbani alipojua natoka Bukoba, alisogeza kitanda chake hadi dirishani. Chuoni, ukitaja Bukoba, watu wanasikia ule ugonjwa unaomaliza watu. Tangu siku hiyo mimi ni Bernadeta wa Upanga.

Na mama! Pasaka alichinja mbuzi. Jumuiya nzima ilikuja kumuaga mtoto anayekwenda Ulaya. Mwenyekiti aliomba nisidondoke kutoka angani. Mama hakuwa amecheka tangu tumzike dada yangu Rozi mwaka jana. Siku ile alicheka mpaka akashika mlango. Sasa hivi anajua niko kwenye theluji.

Leo tumeshuka melini Bukoba. Bandarini kwetu! Nilijifunika kitenge, nikashika shavu kama mwenye jino bovu. Langoni nikapishana na nani? Baba mdogo Ildefons, yeye na suti yake! Hutengeneza saa pale karibu na bandari. Alinipisha, akasema pole binti, jino halina adabu. Hakunitambua. Nimepona!

Jumatatu, 2 Julai

Wenyeji wangu ni Ta Mutembei na mkewe, Ma Eufrazia, juu kidogo ya Rubya. Nyumba ya bati katikati ya kibanja. Migomba mbele, kahawa nyuma, na kando ya kahawa makaburi ambayo saruji yake bado nyeupe. Sikuuliza. Kwetu pia hakuna anayeuliza.

Ta Mutembei anavaa koti la jeshi alilorudi nalo vitani, hata jua likiwaka. Alinisimulia mizinga ya mwaka sabini na nane, akauliza kama sisi wa Upanga tuliisikia. Nikasema tuliisoma gazetini. Kwa kweli niliisikia nikiwa chini ya kitanda cha mama, na Rozi amenikalia mgongoni ili nisitoke.

Ma Eufrazia akauliza kabila langu. Nikajibu sisi wa Upanga hatuna kabila. Akamgeukia mumewe, akamwambia kwa Kihaya, mbele ya uso wangu, kwamba maskini, mtoto huyu wazazi wake wamempoteza, na tena ana miguu ya korongo, na hilo tumbo ndizi zitakaa wapi. Ta Mutembei akasema labda Upanga wanakula kalamu. Wakacheka wote wawili. Kisha Ma akanigeukia na tabasamu zuri kabisa, akasema kwa Kiswahili, "Tunasema karibu sana, mwanangu."

Nikasema asante. Miguu ya korongo! Nimeitazama jioni nzima. Sikuwahi kuiona hivyo.

Lakini nikiwa nanawa uso, nikauona mpango wote kwa mkupuo mmoja. Kihaya mimi nakijua! Wenzangu wanaanzia sifuri, mimi naanzia tumboni mwa mama. Nitajifanya nakiokota kidogokidogo, leo maji, kesho moto, na Daktari Inge atakapokuja kutukagua Jumapili ya tarehe kumi na tano atakuta muujiza umekaa kwenye kigoda. Uongo wangu umegeuka ngazi. Nimeishukuru ile pini.

Jumatano, 4 Julai

Nina mpinzani. Anaitwa Luhaga, Msukuma wa Shinyanga, anasoma kemia, wamempanga nyumba ya jirani. Hajui kuona haya. Anauliza jina la kila kitu, analirudia vibaya kwa sauti kubwa, anachekwa, anacheka naye. Leo amemsalimia mbuzi wa Ta Mutembei kwa salamu ya wazee, goti chini, "waitu" na heshima zote. Alidhani ndivyo mtu anavyoingia uani. Kijiji kizima kimempenda. Kwa kusalimia mbuzi!

Mchana Ma alitufundisha kumenya ndizi. Hapa ndipo nilipoteseka. Mimi nimemenya ndizi tangu sijang'oa meno ya utoto. Kisu kikigusa kiganja, kidole gumba kinakwenda chenyewe. Ilibidi nipigane na kidole changu mwenyewe. Nilimenya kama mtu anayechuna paka aliye hai. Nusu ya ndizi ilikwenda na ganda. Ma Eufrazia akasema kwa Kihaya kwamba maganda haya ni manono kuliko chakula chenyewe, tule maganda.

Luhaga alimenya vibaya kuliko mimi. Akapigiwa vigelegele! Mimi sikupigiwa chochote. Nimejikata kidole, na vidole vyote vimeshika utomvu mweusi, hautoki kwa sabuni wala mafuta ya taa. Yaani mimi ninayejua nimedharauliwa, na asiyejua kashangiliwa. Sielewi dunia.

Ijumaa, 6 Julai

Mshituko!

Amerudi Datius, mtoto wao wa kiume aliyebaki. Hununua samaki kwa wavuvi wa visiwani na kuwauza huku bara. Mpole, shati limepigwa pasi, hana maneno mengi. Alinisalimu kwa Kiswahili, akakaa na wazazi wake barazani. Mimi nilikuwa hatua chache tu, nachambua maharage. Wakaanza kuzungumza kwa Kihaya kama vile mimi ni mgomba.

Ma Eufrazia alimwambia mtoto wake kwamba Mungu amewaletea mke. Mimi! Akasema miguu ni myembamba lakini itanenepa. Kumenya hajui lakini atafundishwa. Jambo kubwa ni kwamba ametoka mbali, huko kwao hawajui kuchimba makaburi kila mwezi, nyumba yake ni safi, hakuna aliyemzika. Hapa, akasema, mama wa kijana anamtazama binti wa watu usoni na kuanza kuhesabu ndugu zake waliokwenda.

Hakuna aliyemzika. Maharage yalinimwagika. Nikayaokota moja moja ili nisiinue uso.

Datius akamuuliza mama yake, kwa sauti ya chini, "Mnasema yeye ni safi. Na mimi je, Ma? Mimi najijuaje?" Ta Mutembei akafunga vifungo vya koti lake, vyote, mpaka shingoni.

Nilitaka kusema kitu. Kwa lugha ipi?

Baadaye kidogo Datius akaongeza kwamba hata hivyo yule binti anamenya ndizi kama anapigana na nyoka. Huyo huyo niliyekuwa namhurumia!

Jumamosi, 7 Julai. Sabasaba

Leo ni sikukuu ya wakulima, na Ta Mutembei ameamua kunipa darasa la ukoo wao. Tulizunguka kibanja chote, koti la jeshi mbele, mimi nyuma na kalamu. Akaeleza kwamba kila ukoo una muziro wake, kitu ambacho watu wake hawali, hawakigusi, hawafanyii mchezo. Wenye muziro mmoja ni watoto wa mtu mmoja. Hata wakikutana Uganda, hata wakikutana mwezini, hao ni kaka na dada, na hakuna ndoa. Akasimama kwenye mibuni, akasema kwa fahari kwamba wao ni mbawala. Hawali nyama yake, na hata ngozi yake hawaikalii.

Kalamu ilianguka.

Mbawala ni muziro wetu sisi! Baba yangu marehemu, mzee Nathanieli, aliwahi kutoka kwenye harusi na njaa yake kwa sababu ya sahani moja tu iliyotiliwa shaka. Datius ni kaka yangu. Wananioza kwa kaka yangu!

Sentensi moja ingemaliza jambo hili. Maneno manne ya Kihaya, hata Luhaga angeyaweza. Lakini Daktari Inge anakuja Jumapili ijayo, na nikiyasema leo, mimi si wa Upanga tena, muujiza umekwisha, Denmaki imekwisha. Ta Mutembei alidhani nimeguswa na mila zake. Akaniokotea kalamu, akasema kwa Kihaya, akijisemea, kwamba mtoto huyu ana moyo.

Jumanne, 10 Julai

Nimejaribu njia tatu.

Ya kwanza, utawa. Nilimwambia Ma Eufrazia kwamba nafikiria kuwa sista. Akafurahi, akaniambia hongera. Kwa Kihaya akamwambia mumewe kwamba hii ndiyo dalili ya binti aliyelelewa vizuri, tuharakishe.

Ya pili, uvivu. Nilikataa kuamka. Akaniletea uji kitandani! Akasema kwa Kihaya watu wa pwani ndivyo walivyo, wavumilivu wa kulala.

Ya tatu, Luhaga. Nilimfuata kisimani, nikamweleza aseme sisi ni wachumba. Alishituka mpaka ndoo ikamtoka. Akasema ana mchumba wake Shinyanga, tena mkali. Kisha akakuna kichwa, akasema anaweza kukubali kama nitamsaidia Kihaya, kwa maana amegundua kwamba mimi nina kipaji. Amegundua vipi? Akasema jana nilimfukuza kuku kwa Kihaya safi, nikidhani niko peke yangu.

Nikawa sina la kufanya. Nimemfundisha kuanzia saa ya kuchota maji mpaka jua kuzama. Anashika haraka mno. Nimemfundisha adui yangu mwenyewe! Na jioni, tulipotangaza uchumba wetu, Ma Eufrazia alimtazama Luhaga kutoka kichwani hadi miguuni, akamuuliza, "Msukuma, ng'ombe wako wako wapi?" Luhaga akajibu kwamba bado anasoma. Basi. Uchumba wetu uliishi muda wa kunywa chai.

Alhamisi, 12 Julai

Ma Eufrazia ananizidi akili. Nasema wazi.

Leo amekuja kwangu na Kiswahili chake cha asali. Daktari Inge ameleta ujumbe kwamba Jumapili angependa sana kuona namna Wahaya wanavyoposa. Kwa hiyo tutafanya maonyesho. Mchezo tu, mwanangu, kwa ajili ya mgeni na kamera yake. Wewe utakuwa binti, Datius atakuwa kijana. Utapewa kahawa ya kutafuna, utaipokea, tutapiga vigelegele, tutakula.

Kisha akageuka, akamwambia mumewe kwa Kihaya, bila hata kuvuta pumzi, kwamba binti akishatafuna akamwani, kahawa ya nyumba yetu, mbele ya ukoo mzima, atarudi wapi?

Maonyesho kwa Kiswahili, ndoa kwa Kihaya! Na siwezi kukataa. Daktari Inge ndiye aliyeomba.

Ta Mutembei akauliza nani atasimama upande wa binti, kwa kuwa hana ndugu hapa. Datius akasema Bukoba kuna mzee mmoja wa suti. Tangu mababa waanze kwisha, familia humwazima akasimame baba kwa mabinti waliofiwa. Hachukui kitu ila chakula na sifa. Ana sauti, anajua maneno yote, amesimama baba kwa mabinti wengi kuliko aliowazaa Ibrahimu.

Mzee wa suti. Wa Bukoba.

Bukoba ina suti nyingi. Sitaki kuwaza zaidi.

Jumapili, 15 Julai

Mungu wangu. Mungu wangu. Nitaandika kwa utaratibu.

Baada ya misa walikuja ukoo mzima, wakajaa uani, nyasi mbichi zimetandikwa ndani. Daktari Inge alikuja na kamera na Kiswahili chake cha darasani. Luhaga alikaa kando yake amtafsirie, na tayari alikuwa amemwamkia bibi mmoja mzee kwa salamu ndefu niliyomfundisha mimi Jumanne. Bibi alilia kwa furaha. Daktari aliandika kitu.

Kisha akaingia mzee wa suti. Baba mdogo Ildefons!

Nilishusha kitenge mpaka puani. Yeye akapita, akasalimia, akaketi penye kigoda cha baba, akapokea kibuyu cha rubisi, pombe ya ndizi, akaonja, akasifu. Hakunitazama hata mara moja. Nikaanza kupumua.

Kikaja kikapu kidogo cha kahawa. Ma Eufrazia alipiga magoti mbele yangu, yeye mama mzima, akaniinulia kikapu. Macho yake yalikuwa yamejaa maji. Huu haukuwa mchezo kwake hata kidogo. Nyuma yake, kupitia mlangoni, niliyaona yale makaburi meupe. Nikamwona Datius anatazama miguu yake. Kahawa ilikuwa pale chini ya pua yangu, nyeusi, inang'aa. Nikiitafuna, nimeolewa na kaka yangu. Nikiikataa, lazima niseme kwa nini. Kamera inanitazama. Denmaki iko upande mmoja wa kahawa, na baba yangu marehemu na mbawala wake upande mwingine.

Mkono wangu uliinuka. Ukafika nusu. Ukagoma. Siyo mimi niliyeuzuia. Ni kama kile kidole gumba cha ndizi, mkono unajua wenyewe.

Hapo baba mdogo akakohoa. Akasimama, akajinyoosha suti, akasema kwa Kihaya cha posa, kwa sauti ile ya mialiko, "Kabla binti hajapokea, hamjaniuliza ni mtoto wa nani."

Wazee wakaitikia kwamba ni kweli, tumekosa, mtoto wa nani?

Akanigeukia. "Jino limepona, mwanangu?"

Alinitambua! Tangu bandarini! Baadaye alisema aliitambua miguu. Hata yeye, miguu!

Akawaambia kwamba amesimama badala ya mababa wengi ambao hakuwajua hata sura, lakini leo hasimami badala ya mtu. "Huyu ni damu yangu. Ni mtoto wa kaka yangu Nathanieli, wa Kahororo." Ukoo ukapiga makofi, kila mmoja akidhani ni ufundi wa maneno. Bibi mmoja akasema huyu mzee anajua kazi yake. Akasubiri makofi yaishe. Kisha akataja muziro wetu.

Mbawala.

Kikapu kilianguka, kahawa zikatawanyika kwenye nyasi. Wazee waliinuka vigodani kama vimeshika moto. Daktari Inge akauliza kuna nini, mbona wameacha, na Luhaga akamtafsiria. Yote! Neno kwa neno, bila kukwama, mpaka na ile sehemu ya Kahororo. Nilimfundisha vizuri mno.

Ma Eufrazia alinitazama kwa muda. Nikaona anakumbuka. Korongo. Kalamu. Maganda. Paji la uso likabadilika rangi, akajiziba mdomo kwa mikono yote miwili. Akauliza kupitia vidoleni, "Ulikuwa unasikia?" Nikajibu kwa Kihaya, cha kwetu cha Kahororo, "Nilisikia yote, Ma."

Alipiga yowe. Nilidhani ananilaani. Alikuwa anacheka! Alicheka akaketi chini kwenye nyasi, miguu imenyooka, na Ta Mutembei akacheka ndani ya koti lake, na Datius aliyekuwa amekauka kama samaki wake akaja akanishika mkono, akaniita dada. Sijaona mtu aliyefurahi hivyo kunyimwa mke.

Kisha Ma akauliza kwa nini basi nilijificha. Nikamwambia habari ya kitanda kilichosogezwa. Nikamwambia habari ya Rozi. Hakusema pole. Alinivuta, akanikalisha karibu yake, bega kwa bega, akawa anaziokota kahawa moja moja kutoka kwenye nyasi na kuzipangusa. Moja akaitia mdomoni mwangu. Nikatafuna. Ilikuwa chungu. Hii, akasema, ni ya mtoto wa nyumbani.

Jumatatu, 16 Julai

Asubuhi Daktari Inge aliniita. Nilikuwa nimejiandaa kwa hasira. Hakukasirika! Alisikitika, ambayo ni mbaya zaidi. Alisema Januari ataruka Luhaga, kwa sababu amejifunza kweli. Kwangu mimi ana pendekezo lingine. Mwakani wanafunzi wa Kidenmaki watakuja Kagera, wanahitaji mwenyeji anayeujua mkoa. Yaani ughaibuni wa watu wengine utakuwa mimi.

Luhaga alikuja kuomba radhi. Kwa Kihaya. Nilimsahihisha kiambishi kimoja, kwa uchungu tu. Hakikuwa kimekosewa.

Baba mdogo alikuwa na jambo moja tu. Alisema kila Jumapili mama anaomba jumuiya iwakumbuke walio kwenye baridi. Anawaonyesha watoto wa jirani ndege zinazopita angani, hata zile za kwenda Entebe. Alisema yeye amesimama baba kwa watu wengi lakini kwa uongo huu hatasimama. Kesho kutwa nikamweleze mama mwenyewe, uso kwa uso. Nikaapa. Kwa kaburi la Rozi niliapa, na nilimaanisha.

Jumatano, 18 Julai. Kahororo

Nilikuja na ukweli wote mdomoni. Ma Eufrazia alinifungia mkungu wa ndizi, Datius akaniletea samaki waliokaushwa, wakanisindikiza hadi barabarani kama mtoto wao. Njia nzima nilikuwa napanga sentensi ya kwanza.

Mama alikuwa uani. Aliponiona hakukimbia. Aliweka chini kile alichokuwa amebeba, akajifuta mikono, akanigusa mashavu kuona kama yamepoa. Akauliza kuna baridi kiasi gani huko. Akasema Rozi angeuliza hilo kwanza kabisa, Rozi alikuwa mtu wa baridi.

Nilifungua mdomo.

Kisha akavishika vidole vyangu, akavigeuza kwenye mwanga. Utomvu ulikuwa haujatoka. Akanitazama. "Na Ulaya nako wanamenya ndizi, Bernadeta?"

Nikasema ndiyo, mama, wanamenya sana.

Alicheka! Kile kicheko cha Pasaka, mpaka akashika mlango. Mtu mwenye moyo angefanya nini? Nikaendelea. Nimemweleza theluji, iko kama unga wa muhogo ulioanikwa, ila hautwangiki. Nimepita dukani kwa Jayantilal, mjini, nikamnunulia blanketi la sufu, nikang'oa karatasi yenye jina la kiwanda. Analo mabegani sasa hivi, kwenye jua hili. Jumuiya imeshaambiwa ije Jumamosi kusikiliza.

Kuna jambo dogo moja limebaki. Mama amesikia kwamba mwalimu wangu Mzungu yuko Bukoba akisubiri meli, na amekwisha kumwalika chakula cha Ijumaa. Nimeshughulika nalo tayari, mchana huu huu. Nimemwambia Daktari Inge kwamba mama yangu hajui Kiswahili hata neno, Kihaya tu, kwa hiyo mimi ndiye nitakuwa mkalimani. Na mama nimemwambia kwamba Daktari ana koo bovu, asisemeshwe Kiswahili, kitamuumiza, aseme na mimi.

Baba mdogo Ildefons nimemtuma kwa Ma Eufrazia, nimemwambia kuna saa ya kutengenezwa, hatakuwapo.

Luhaga, anayesubiri meli hiyo hiyo, naye atakuja, mama amemwalika kwa kumhurumia yuko mbali na kwao. Nimemweka akae pembeni kabisa, karibu na mama. Ameniapia kwamba hatafungua mdomo. Ameapa kwa Kihaya, bila kosa hata moja.